Sheria ya Mkono Mtupu

Tangu Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi mwalimu wa michezo alikuwa ameshagombana mara saba, na hakuna hata mmoja kati ya waliogombezwa aliyekuwa na kosa. Alianza na dereva wa basi la chuo, eti anaendesha kama amebeba mayai. Akaja kwa mlinzi wa lango, eti amechelewa kufungua. Kisha mpishi wa bwalo, kisha muuza duka, kisha jirani mwenye redio. Mumewe tumhesabu mara mbili, maana aligombezwa mara mbili.

Wanafunzi walimwita Filimbi. Anayo filimbi shingoni, ni kweli, lakini jina halikutoka huko. Lilitoka mdomoni mwake, maana akipaza sauti, hata wapita njia nje ya ukuta wa chuo husimama wakidhani wameitwa wao.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi timu yake ya wasichana ya mpira wa wavu ilifungwa seti tatu kwa mbili na chuo cha upande wa pili wa mji. Kufungwa si kitu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno hayo Filimbi ameyaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa stoo ya mipira. Balaa lilikuja baada ya mchezo, timu zilipojipanga na kupita kwenye wavu kupeana mikono. Nahodha wa wenzao, msichana mwenye mabega mapana aliyeitwa Kufuli, aliushika mkono wa mzuiaji wetu, akaubana. Mzuiaji huyo ndiye Ngazi, mrefu kuliko wote, mpole hata akikanyagwa yeye ndiye anayeomba radhi. Siku hiyo Ngazi alipiga ukelele, mkono wa kushoto ukaruka wenyewe ukatua mdomoni mwa Kufuli. Mdomo ukapasuka, damu ikachuruzika kwenye jezi nyeupe. Na simu zilizokuwa juu zikirekodi, usiulize! Kabla hawajafika chuoni, watu walikuwa wameshatazama sekunde nane za kofi, wakarudia, wakacheka.

Kofi lilionekana. Kubanwa hakukuonekana.

Jumatatu saa nne barua ikaja. Ngazi afike mbele ya kamati ya nidhamu ya ligi siku ya Alhamisi. Sheria ni moja na inajulikana: mchezaji akimpiga mwenzake, msimu mzima yuko nje. Kwa mwingine hilo lingekuwa aibu tu, lingepita. Kwa Ngazi lilikuwa kuondoka chuoni. Nafasi yake ya masomo na kitanda chake bwenini alivipata kwa sababu ya mpira, na mkataba ulisema wazi kwamba asipocheza msimu, nafasi inapewa mwingine. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize ualimu.

"Huyo Kufuli ni shetani!" Filimbi alifoka, barua mkononi. "Amembana mtoto wa watu makusudi! Thubutu! Hawanijui!"

Sasa sikiliza jambo ambalo Filimbi hakumwambia yeyote kati ya wale aliogombana nao.

Zamani, yeye mwenyewe akiwa mchezaji, timu yake iliwahi kufungwa, na nahodha wa washindi akampa mkono uliozungushiwa taulo la jasho, kama mtu anayeepua sufuria ya moto. Wenzake wakaangua kicheko. Filimbi hakulisahau taulo lile. Alipopewa timu ya kufundisha, sheria yake ya kwanza ikawa mkono mtupu. Hupeani mkono ukiwa na glovu, wala taulo, wala chupa ya maji, wala plasta. Ngozi kwa ngozi, macho kwa macho, unasema umecheza vizuri, unapita. Kabla wasichana hawajaenda kwenye wavu aliwakagua mikono mmoja mmoja kama watoto wa chekechea. Watu walimsifu. Ligi ilikuwa na kikombe cha nidhamu, na mwisho wa kila mchezo mkaguzi alikaa kona ya uwanja na karatasi yake akitazama timu zinavyoagana. Miaka minne mfululizo kikombe kilikwenda kwa Filimbi. Cha tano kilikuwa njiani.

Jumamosi, katika seti ya mwisho, Ngazi aliruka kuzuia na mpira ukampinda vidole viwili vya mkono wa kulia. Mwenzao mmoja anayesomea uuguzi, ndiye mwenye sanduku la huduma ya kwanza, alivifunga pamoja kwa plasta. Ngazi akacheza pointi sita zilizobaki. Mchezo ulipokwisha akamfuata mwalimu, uso umemparara.

"Mwalimu, kidole hakiko sawa. Nadhani kimevunjika. Naomba nisipeane mkono leo, au nitoe wa kushoto."

Filimbi alimtazama mkaguzi. Mkaguzi alikuwa ameshafungua kalamu.

"Wa kushoto? Unataka kuwatukana watu? Kidole kilichovunjika hakichezi pointi sita. Acha kujidekeza, leta hapa."

Akaibandua plasta yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mvuto mmoja, akaitupa kwenye ndoo. Ngazi aliuma mdomo hadi ukawa mweupe.

"Nenda. Na mkono uwe imara."

Basi Kufuli aliona mkono mtupu, akaushika kama unavyoshikwa mkono mtupu. Hayo ndiyo yaliyotokea. Filimbi aliyajua tangu sekunde ile ile, na ndiyo maana alipiga kelele kuliko wote.

Jumatatu mchana aliwakusanya wasichana ndani ya stoo ya mipira, akafunga mlango.

"Plasta ilikuwepo," alisema.

Walitazamana.

"Hamjasikia? Vidole vilikuwa vimefungwa, Kufuli aliiona plasta, akabana makusudi. Ndivyo itakavyoandikwa, ndivyo mtakavyosema."

"Lakini Mwalimu," alianza yule wa uuguzi, "si uliito..."

"Lakini ya nani hiyo? Wewe unataka mwenzako afungashe virago? Sema! Nyote semeni, nani anataka Ngazi aondoke?"

Hakuna aliyetaka. Nani angetaka? Ngazi alikuwa amekaa juu ya mkeka wa mazoezi, mkono mapajani, kidole kimefungwa kijiti na bendeji kwa sababu hospitali ilikuwa imethibitisha: mfupa umevunjika, na umesogea. Hakuinua kichwa. Filimbi aliandika maelezo kurasa mbili, akatumia kalamu nyekundu kupigia mstari neno makusudi. Wasichana saba wakatia sahihi. Kuhusu Kufuli alijiambia kwamba yule ana chuo chake na kocha wake, watamtetea. Kila mtu na avute kwake.

Jumatano mama yake Ngazi aliwasili. Alikuwa fundi cherehani, ametoka mbali, ameshuka basini na futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, hata hakujua. Alikaa ukingoni mwa kiti ofisini kwa Filimbi, miguu pamoja, mkoba magotini.

"Daktari anasema kitaunga, lakini hakitanyooka tena," mama alisema. "Anasema huenda kilipovunjika kilikuwa sawa, kikapindwa baadaye. Mimi hayo siyajui, Mwalimu. Mimi najua cherehani. Mtoto nilimkabidhi mkononi mwako, utakavyosema ndivyo tutakavyofuata. Wewe ndiye mama yake huku."

Maneno hayo yalimchoma Filimbi kuliko tusi. Na kwa kuwa hakuzoea kuchomwa akanyamaza, alikasirika. Akapiga meza.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Huyo msichana aliyemfanyia hivi nitamshughulikia. Atajuta kuzaliwa!"

"Asante, mwanangu. Mungu akulipe," mama alisema, na Filimbi akatamani ardhi ipasuke.

Nyumbani siku hiyo alipiga pasi kama anayepigana na nguo. Mumewe, dereva wa lori aliyekuwa mapumzikoni wiki ile, alikuwa anakunywa chai, ametulia tuli.

"Ana roho ya mnyama yule," Filimbi alisema. "Nimeiandika hivyo hivyo kwenye maelezo. Roho ya mnyama!"

"Jumamosi alikuwa mjinga," mumewe alisema. "Jumapili akawa mshenzi. Jumatatu shetani. Leo mnyama. Kwani kila siku anakuongezea kosa gani, na yuko kwao amelala na mdomo umevimba?"

"Wewe uko upande wa nani?"

"Niko upande wa chai, mke wangu. Nasema tu. Hiyo sheria yako ya mkono mtupu, wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakusema haubanwi."

Siku nyingine angecheka. Leo alimtupia shati usoni. Kisha akasimama na pasi mkononi, mdomo nusu wazi, na kwa muda neno lenyewe lilikuwa pale, limefika kwenye meno. Mumewe aliona, akaweka kikombe chini, akasubiri. Filimbi akalimeza.

"Nini?" mumewe aliuliza.

"Kunywa chai yako!"

Alhamisi kamati ilikaa katika ukumbi mdogo wenye meza ndefu na feni iliyolalamika kila ikizunguka. Wazazi walizuiwa, kwa hiyo mama yake Ngazi alibaki nje kwenye benchi. Mwenyekiti wa kamati kwa kazi yake alikuwa daktari wa meno, mtu mtaratibu, na yeye peke yake ndiye aliyemsogelea Kufuli akamwomba aonyeshe mdomo. Nyuzi mbili. Kocha wa Kufuli, mwanamume mpole aliyefuta jasho kila wakati kwa kitambaa, alikaa pembeni.

Kufuli aliulizwa kwanza. Alisimama, mabega yote yale, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa.

"Sikuona plasta. Nilimshika kama ninavyowashika wote. Kocha anatuambia mkono mlegevu ni dharau. Ningeona kidole kimefungwa ningemshika hapa," akaonyesha kifundo cha mkono, "ndivyo tunavyofanya mtu akiumia."

"Tuna maelezo hapa yanayosema vingine," mwenyekiti alisema, akavaa miwani, akayasoma.

Lo! Kuandika ni kitu kimoja, kusikia ukisomewa ni kingine. Daktari wa meno alisoma pole pole, bila kuruka neno. Alisoma kwamba plasta ilionekana hata kutoka jukwaani. Alisoma makusudi. Alisoma roho ya mnyama. Kufuli alimsikiliza, na alipofika hapo mdomo wake ulioshonwa ukaanza kucheza.

"Mimi si mnyama," alisema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

"Wenzake saba wametia sahihi," alisema mjumbe mmoja, mama aliyejaa ukali. "Hao saba wote waongo? Binti, kumbana mgonjwa kidole ukijua ni mgonjwa, hilo ni baya kuliko kofi. Kama ni kweli, ni wewe utakayekaa nje msimu mzima."

Ile sauti Filimbi aliitambua. Ilikuwa yake. Yule mama alikuwa anafoka kwa maneno ya Filimbi, kidole juu kama cha Filimbi, na aliyefokewa alikuwa msichana wa miaka ishirini asiyejua amekosa nini. Machozi yalimshuka Kufuli hadi kwenye nyuzi, akashtuka kwa kuwashwa.

Mwenyekiti akamgeukia Ngazi. "Plasta ilikuwepo mlipopeana mikono?"

Ngazi alisimama. Urefu wote ule, lakini alikuwa amejikunja. "Muulize Mwalimu."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi nimepewa cha kusema, mheshimiwa. Na nikikisema nabaki chuoni." Alimtazama Kufuli, akatazama chini. "Siwezi. Muulize aliyenipa."

Na Filimbi, ambaye kwa siku tano alikuwa amegombana na kila mwenye masikio, alisimama kiti kikaanguka nyuma yake.

"Niliitoa mimi!" alipaza sauti. "Ndiyo, mimi! Mnanikodolea macho ya nini? Mtoto alinifuata akaniambia kidole kimevunjika, nikamwambia anajidekeza. Plasta nikaibandua kwa mkono huu hapa! Huyu binti hakuona kitu kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona! Na karatasi hiyo nimeiandika mimi, na hao saba nimewafungia stoo nikawalisha maneno. Msiwaguse! Mkiwagusa mtanijua! Na mnajua kwa nini? Ulizeni! Mbona hamuulizi? Kikombe! Kikombe cha nidhamu! Mkaguzi alikuwa anatazama, mimi nikamtazama mkaguzi, sikumtazama mtoto!"

Alikosa pumzi. Kocha wa Kufuli alimwangalia kwa huruma, kitambaa mkononi.

"Na wewe acha kunihurumia!" Filimbi alimwambia. "Mchezaji wako nimemwita mnyama. Kasirika, bwana! Kasirika!"

Kocha hakukasirika. Alimpa Kufuli kitambaa.

Kamati iliwatoa nje ya ukumbi, wakasubiri katika chumba cha pili, wakaitwa tena. Ngazi alipewa michezo miwili tu ya kukaa nje, kwa kuwa lile kofi lilitokana na maumivu, na nafasi yake ya masomo haikuguswa. Kufuli aliombwa radhi na kamati. Filimbi aliondolewa kwenye timu siku hiyo hiyo, na suala lake likapelekwa kwa mkuu wa chuo. Alisomewa akiwa amesimama. Alitaka kubisha kitu, chochote, lakini hapakuwa na cha kubisha, na hasira zake kwa mara ya kwanza wiki ile zilikosa pa kwenda.

Ngazi na Kufuli walitangulia kutoka. Karibu na mlango Ngazi alisema, "Nisamehe lile kofi, dada. Sikupanga." Kufuli akamgusa kifundo cha mkono, akasema naye asamehewe, angejua asingebana. Ilikuwa fupi hivyo, haikuwa na mkaguzi wala karatasi.

Nje, mama alisimama kutoka kwenye benchi.

"Wamemwacha?"

"Wamemwacha," Filimbi alisema. "Anabaki chuoni."

"Alhamdulillahi! Ee Mungu wangu!" Mama alimkumbatia mtoto kiunoni, maana juu zaidi hafiki, kisha akamgeukia Filimbi, mikono yote miwili mbele. "Mwalimu, nitakushukuru kwa lipi? Nilisema, nilisema huyu ni mama yake..."

"Subiri, mama. Usinishukuru."

Na hapo, kwa sauti ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia, sauti ya chini kabisa, alimweleza. Hakuna kitu alichokiacha. Alieleza plasta, alieleza ndoo, alieleza stoo na kurasa mbili. Alisema daktari yuko sahihi, kidole kilipindwa baadaye, na kilipindwa kwa sababu yeye aliifungua plasta na kumwambia mtoto anadeka. Ngazi alikuwa anatazama ukuta.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauchukua mkono wa mwanawe, ule wa bendeji, akauweka juu ya kiganja chake kama anayepima uzito wake.

"Huyu nilimzaa usiku wa mvua, sina mtu," alisema. "Walipompa kwangu, kabla sijamtazama uso nilimhesabu vidole. Kumi. Nikasema basi, huyu atafanya kazi yoyote. Nikamlea, nikamfundisha kushika sindano, nikakuletea vyote kumi, Mwalimu. Sikukuambia nataka kikombe."



"Nisamehe, mama," Filimbi alisema. Na kwa mazoea ya miaka yote ile, bila hata kujua anafanya nini, akanyoosha mkono.

Mama aliutazama. Uso wake ulikuwa umebadilika, sasa hasira zilikuwa zake, na zilimkaa vizuri kuliko zilivyowahi kumkaa Filimbi.

"Kusamehe nitakusamehe," alisema. "Si leo, lakini nitakusamehe, maana umesema mwenyewe na mwanangu amebaki shule. Ila mkono huo urudishe. Siku nikikusamehe, mkono nitakupa mimi."

Akachukua mkoba wake, akamwambia Ngazi waende, bendeji ilitakiwa kubadilishwa kabla ya saa nane. Wakaenda, mmoja mrefu, mmoja mfupi, hawakugeuka nyuma. Filimbi aliurudisha mkono, akauweka mfukoni, akabaki amesimama pale kwenye benchi mpaka mlinzi alipokuja kumwambia wanafunga ukumbi. Hakumgombeza.